Mafundi wa boti Lamu, andikeni kazi zenu kwa tovuti ya wiki

Mafundi wetu wa injini za boti hapa Lamu wana ujuzi mwingi mno lakini wote uko kichwani, fundi mkuu akisafiri Mombasa basi kijana aliyebaki hajui hata mwanya wa plagi uwe kiasi gani. Wiki, si ile ya siku saba bali tovuti ya kuandika pamoja, yasaidia sana hapo, maanake yeyote kwa timu anafungua ukurasa anaandika, mwenzake anarekebisha au anaongeza.

Mimi ningeanza na DokuWiki, programu ya kutengeneza wiki. Haitaki databesi, kurasa zake ni faili za maandishi tu, kwa hivyo bakap ni kukopi folda kwa flashi. Laptopu moja na wifi ya gereji yatosha, hata intaneti ikikatika mwaendelea kusoma. MediaWiki, ile inayoendesha Wikipedia, ni nzito, kwa gereji ndogo sioni haja.

Sasa kuandika, ukurasa mmoja kazi moja. Usiite "Injini" ukamwaga kila kitu humo, ita "Kubadilisha impela ya pampu ya maji", weka vifaa vinavyotakikana, kisha hatua moja moja, na picha piga kwa simu. Kuosha injini na maji matamu ukitoka baharini kuwe na ukurasa wake, kurasa zingine ziweke linki tu, usirudie maelezo kila pahali kwa sababu siku ukibadilisha huku utasahau kule.

Mtu akiharibu ukurasa msigombane, matoleo ya zamani yamo, fungua historia urudishe lililokuwa sawa. Ila kila mtu awe na akaunti yake, na ukihifadhi andika kwa ufupi umebadilisha nini.