Kuunda dunia ya kubuni: anza na anga, ndipo uchore pwani

Karibu kila anayebuni dunia kwa ajili ya riwaya au mchezo huanza na pwani. Huchora ghuba na rasi za kupendeza, hupachika milima palipobaki peupe, jangwa juu, msitu chini, na mwishoni kabisa hukumbuka anga na kuongeza mwezi wa pili. Mpangilio huo umekaa kichwa chini miguu juu. Anga hupanga majira, majira huleta pepo, pepo hubeba mvua, mvua huchimba mito, na watu hufuata mito. Ukianza na pwani utakuwa unafuta ramani kila ukifika sura mpya.

Amua kwanza kama dunia yako ni tufe au ni bapa, kisha uuheshimu uamuzi wako. Kwenye tufe lenye ukubwa wa dunia yetu, mtu aliyesimama ufukweni, macho yake yakiwa mita 1.7 juu ya maji, haoni uso wa bahari zaidi ya kilomita 5 hivi. Mlima wa mita 5,000 humchomozea baharia akiwa kilomita 250 kutoka hapo, siku ikiwa safi. Kwenye dunia bapa hakuna kinachozama nyuma ya upeo. Ni ukungu na vumbi tu vinavyokatiza macho, na jua likichomoza huchomoza kwa wote kwa wakati mmoja. Maharamia, minara ya taa na mashambulizi ya alfajiri yote hubadilika kutokana na jambo hilo moja.

Kinachofuata ni mwinamo wa mhimili. Wetu ni takriban nyuzi 23.4. Ukiuweka sifuri, hakuna kiangazi wala kipupwe popote. Ukiuweka 40, kuanzia latitudo ya 50 kwenda kwenye ncha kutakuwa na siku ambazo jua halitui. Hapo ndipo saa za watu wako zinapoamuliwa. Waswahili tunahesabu saa kuanzia kuchomoza kwa jua, na hesabu hiyo inakubali kwa sababu tuko karibu na ikweta: jua hutoka wakati uleule, au karibu na huo, mwaka mzima. Ipeleke hesabu hiyo kwenye latitudo ya 60, ambako mchana wa kiangazi huzidi saa 18 na wa kipupwe haufiki 6, itavurugika. Watu wa huko wapatie njia nyingine: mshumaa wenye alama, saa ya maji, au nyota.

Miezi inataka utulivu, kwa hiyo chukua kalamu. Tuseme umeweka miwili: wa karibu huandama kila siku 20, wa mbali kila siku 30. (Wa mbali lazima uwe ndio mzito wa mwendo, ukifanya kinyume, mtu anayejua hesabu ataacha kusoma.) Bamvua, yaani kujaa na kupwa sana kwa bahari, huja mwezi ukiwa mwandamo na ukiwa mpevu. Basi mwezi wa kwanza huleta bamvua kila siku 10, wa pili kila siku 15, na zote mbili hugongana kila siku 30. Hapo bahari hujaa kuliko kawaida na hupwa hadi miamba isiyojulikana ionekane. Anza kuhesabu usiku ambao miezi yote miwili ni miandamo, yaani haionekani. Siku ya 30 utakuta mmoja ni mpevu na mwingine haupo. Siku ya 60 yote haipo, na usiku ni giza totoro. Mwaka wa siku 360 utakuwa na bamvua kuu 12 na nyusiku 6 za giza kamili. Tayari una kalenda, tarehe za kuingiza majahazi bandarini, na usiku wa kuvuka mpaka bila kuonekana.

Kosa la kawaida hapa ni kuusogeza mwezi karibu ili upendeze. Nguvu ya kujaza maji hupanda haraka sana: umbali ukipungua nusu, nguvu huwa mara nane. Pwani ya Zanzibar bamvua hufika karibu mita 4. Zidisha kwa nane, uone kama mji wako wa bandari bado upo.

Weka pia kundi moja la nyota lenye kazi. Kilimia ni mfano mzuri: hupotea machoni kwa wiki kadhaa kila mwaka, na wahenga wakaliwekea msemo, “Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua.” Kundi moja ambalo mkulima analitazama lina thamani kuliko makumi ya majina ya nyota yasiyotumika.

Sasa karatasi. Chukua A3, ilaze, na sentimita 1 iwe kilomita 50. Unapata karibu kilomita 2,100 kwa 1,500. Latitudo moja ni takriban kilomita 111, kwa hiyo kutoka juu hadi chini una nyuzi 13 na nusu tu, kama kutoka Mtwara hadi Ziwa Turkana. Ndiyo maana barafu juu ya ramani na minazi chini yake haviaminiki. Ukitaka baridi, ipandishe mlimani: joto hushuka takriban nyuzi 6.5 za selsiasi kwa kila mita 1,000. Pwani ikiwa na nyuzi 28, kwenye mita 4,000 utakuta 2. Kilimanjaro, mita 5,895, ina barafu na iko nyuzi 3 tu kutoka ikweta.

Chora mishale ya upepo kabla ya milima. Kusi na kaskazi hupokezana kwa sababu bara la Asia hupata joto na kupoa haraka kuliko bahari. Ukiwa na bara kubwa upande mmoja na bahari upande wa pili, una haki ya kuwa na pepo kama hizo. Upande wa mlima unaopokea upepo wa bahari huloa, wa nyuma hubaki kwenye kivuli cha mvua. Jangwa liweke huko, au kwenye latitudo ya 30 hivi, ambako hewa hushuka ikiwa kavu.

Mito huungana ikishuka, haigawanyiki, isipokuwa kwenye delta kama ya Rufiji. Ziwa hutoka kwa mdomo mmoja. Victoria, pamoja na ukubwa wake wote, hutokea Jinja. Ziwa lisilo na mdomo huwa la chumvi au magadi, kama Natron, na hapo usiweke mji bila kueleza maji ya kunywa yanatoka wapi.

Ukishajua ukweli wa anga, andika safu ya pili: watu wanausimuliaje. Safu hizi zisifanane, na kila simulizi iache alama ardhini, mathalani upande wanaoelekezwa maiti, mlango usiotazama magharibi, siku ambayo hakuna kuchimba kisima. Urudie ule usiku wa 60. Makuhani wanasema ni usiku wa wafu na hakuna ruhusa ya kuwasha moto. Lakini wavuvi wa dagaa huvua kwa taa, na taa huvuta samaki vizuri zaidi usiku usio na mwezi. Kwao huo ndio usiku wa riziki. Ugomvi huo haukubuniwa. Umetoka kwenye hesabu ya siku 20 na 30.

Majina yaje mwisho, na yafuate historia. Kilwa ziko tatu, Kisiwani, Kivinje na Masoko, kwa sababu shughuli zilihama na jina likazifuata. Mji wako mkuu ukihama kwa ajili ya bamvua, uache magofu kwenye mji wa kale na uupe mji mpya jina lilelile lenye neno moja la ziada. Wino utumie baada ya hapo.