Kabla ya kusaini mkataba wa kwanza wa basketi: mambo ya kumaliza ukiwa bado Lubumbashi

Pasipoti kwanza. Iwe na miaka miwili mbele, maana kuitengeneza upya ukiwa kwenye mji usio na ubalozi wetu ni kazi ya kukumalizia msimu.

Kadi ya njano ya chanjo, picha nane za pasipoti zenye nyuma nyeupe, namba ya simu inayobaki ileile. Hayo hayahitaji maelezo.

Tarehe ya kuzaliwa inahitaji. Weka mezani pasipoti, lisansi ya klabu (kadi yako ya mchezaji), kadi ya shule na diploma ya serikali, kisha linganisha jina na tarehe, herufi kwa herufi. Sheria ya Congo inampa mzazi siku 90 za kuandikisha mtoto komini, yaani ofisi ya serikali ya eneo lake. Zikipita, ni lazima kwenda tribinali (mahakama) kutafuta jugement supplétif, hukumu inayochukua nafasi ya uandikishaji, kungoja certificat de non-appel, hati kwamba hakuna aliyekata rufaa, ndipo état civil, ofisi ya vizazi, wanaandika acte de naissance, cheti cha kuzaliwa. Fanya hiyo njia yote, usinunue karatasi ya haraka. Na usikubali kocha akupunguzie miaka ili ucheze na wadogo. Tarehe iliyotumika kukuandikisha kwenye mashindano ya FIBA, shirikisho la basketi la dunia, ya U16 au U18 (chini ya miaka 16 au 18) inabaki kwenye kumbukumbu zao, na siku pasipoti itakapoonyesha mwaka mwingine, utakayeulizwa ni wewe. Kocha wakati huo ana timu nyingine.

Kama hujafika miaka 18, jua kwamba FIBA hairuhusu uhamisho wa nchi kwa nchi, isipokuwa kwa hali maalum kama masomo au wazazi kuhama kwa sababu isiyohusu basketi. Mtu anayemwahidi mtoto wa miaka 16 mkataba wa klabu ya Ulaya aonyeshe kwanza hali hiyo maalum ni ipi. Wengi hapo simu inakatika.

Sasa tufike kwenye barua ya kuachiliwa, ile lettre de sortie inayokuruhusu kuhamia klabu ya nchi nyingine. Hapa soma polepole, kwa sababu ndipo vijana wengi wazuri wanapokwama.

Inakwenda hivi. Kijana wa Katuba ana miaka 17, anachezea klabu ya mtaa. Mwanzo wa msimu katibu anafika kiwanjani na bahasha, vijana wanajipanga, kila mmoja anasaini juu ya boneti ya gari. Wanaambiwa ni karatasi za lisansi. Ukurasa wa kwanza ni wa lisansi kweli. Wa pili ni engagement, ahadi ya kuchezea klabu hiyo, ya misimu minne. Hakuna anayepewa kopi, na hakuna anayeiomba, kwa sababu mazoezi yanaanza na mwanga wa jioni unakwisha.

Miaka miwili baadaye, klabu ya nchi nyingine inamtaka. Mkataba wa miezi tisa, tiketi, viza, familia nzima iko uwanja wa ndege wa Luano kumsindikiza. Anafika, anafanya mazoezi wiki mbili, kocha amefurahi. Klabu mpya inaomba barua kupitia federasyo ya nchi yake, ombi linafika FEBACO, federasyo ya basketi ya Congo, kule Kinshasa, swali linarudi Lubumbashi mpaka kwenye klabu, na katibu anafungua bahasha. Kwa kanuni za FIBA federasyo ina siku 7 za kujibu, na sababu ya kukataa ni moja tu: mchezaji bado ana mkataba unaopita tarehe ya uhamisho. Hapa sababu ipo, na sahihi ni ya kijana mwenyewe.

Ona sasa vitu vinavyofuatana. Mkataba wake mpya una mstari unaosema utaanza kufanya kazi barua ikipatikana. Haijapatikana, kwa hiyo hakuna mshahara. Jumamosi timu inacheza, yeye yuko tribini, kwa watazamaji, na suti ya mazoezi. Klabu ya nyumbani inataka dola 3,000, klabu mpya ilipanga pesa ya tiketi na chumba tu. Wiki ya sita wanachukua winga mwingine ambaye ni huru. Viza ilifungamanishwa na klabu ile, hivyo inakufa nayo. Anarudi, na klabu ya nyumbani haikupata hata dola moja. Lote hilo lingemalizwa kwa kikao kimoja, miezi miwili kabla ya tiketi.

Kikao chenyewe usiende peke yako wala na vijana wenzako. Nenda na papa au mjomba, mtu anayejua kuongea. "Papa Prezida, tumekuja kwa heshima, tunaomba kuona karatasi zote mtoto alizosaini." Piga picha kila ukurasa, hata ule mtupu wenye muhuri. Kama engagement imekwisha, omba barua inayosema hivyo. Kama haijakwisha, zungumzeni bei na muiandike siku hiyohiyo. Barua iwe kwenye karatasi yenye kichwa cha klabu, jina kama lilivyo kwenye pasipoti, tarehe ya kuzaliwa, tarehe mkataba unapokwisha, neno kwamba hakuna deni, sahihi ya prezida na ya katibu, muhuri. Peleka kopi ligi na federasyo, nao waweke muhuri wa kupokea wenye tarehe. Kopi isiyo na muhuri wa kupokea itakuwa neno lako juu ya neno lao.

Na usiichukie klabu kwa kutaja pesa. Imekupa maji na mipira tangu ukiwa mdogo, na kanuni za FIBA zinatambua fidia ya malezi pale mchezaji aliyefika 18 anaposaini mkataba wa kwanza nje. Lakini fidia hiyo ni ya klabu kwa klabu. Isitoke mfukoni mwako wala kwa mama anayeuza kwenye mtaa wa Kamalondo.

Wakala: FIBA inatoa leseni na orodha yao iko wazi kwenye tovuti yake. Tafuta jina na namba ya leseni mwenyewe, usitosheke na kadi ya biashara. Malipo ya kawaida ni karibu asilimia 10, na mara nyingi klabu ndiyo inalipa. Iandikwe nani analipa. Anayeomba dola 500 za "majaribio" kabla ya klabu yoyote kukutumia barua, mwache hapohapo.

Kwenye mkataba, hesabu miezi kabla ya kuhesabu dola. Dola 1,500 kwa miezi tisa ni 13,500, si 18,000, na miezi mitatu iliyobaki unakula nyumbani. Tafuta neno net, yaani kodi imeshatolewa. Kama ni brut, kabla ya kodi, na kodi ya kule ni robo, unabaki na 1,125. Iandikwe siku ya malipo, chumba, chakula, tiketi ya kwenda na ya kurudi, na nini kinatokea mshahara ukichelewa. Dai pia kipengele cha BAT, baraza la usuluhishi ambalo FIBA ililianzisha mwaka 2007 na makao yake ni Geneva. Bila kipengele hicho, BAT haipokei kesi yako. Kesi zake ni kwa Kiingereza na ada inalipwa mbele, lakini klabu inayokataa kulipa baada ya hukumu FIBA inaweza kuizuia kusajili wachezaji wapya, na hilo viongozi wa klabu wanaliogopa kuliko barua ya avoka (wakili).

Pesa ya kuvunja mkataba nayo iangalie ingali namba ndogo. Bismack Biyombo, mzaliwa wa Lubumbashi, alipochaguliwa wa 7 kwenye drafti ya 2011, pale timu za NBA, ligi kuu ya Marekani, zinapochagua wachezaji wapya, kulikuwa na mvutano na klabu yake ya Hispania, Fuenlabrada, juu ya pesa hiyo. NBA inaweka kikomo cha kiasi ambacho timu ya NBA inaweza kuchangia. Kinachozidi analipa mchezaji mwenyewe.

Kama unaota chuo cha Marekani, uliza kabla ya kusaini popote, kwa sababu sahihi ya profesionali inaweza kukuharibia njia hiyo na kanuni zao zinabadilika mara kwa mara. Na viza ya mwanafunzi ina mipaka yake. Oscar Tshiebwe, wa hapa hapa, alikuwa mchezaji bora wa vyuo mwaka 2022, lakini viza hiyo ilimbana asipate makuta (pesa) ya matangazo ndani ya Marekani. Timu ya chuo chake, Kentucky, ilipokwenda Bahamas mwezi wa nane, ndipo akafanya kazi hizo kule.

Mwili. Pima moyo hapa nyumbani, ECG (umeme wa moyo) na eko (picha ya moyo), na pima damu ujue kama wewe ni AA au AS, yaani kama umebeba chembe ya selimundu. Mwenye AS anacheza, ila mazoezi makali ya siku za kwanza kwenye joto, bila maji ya kutosha, yanaweza kumwangusha. Goti linalovimba kila Jumatatu usilifiche: vipimo vya klabu vitaliona na mkataba utaanguka. Dai vipimo vifanyike ndani ya saa 72 baada ya kufika, kabla ya mazoezi ya kwanza, na iandikwe kwamba ukiumia baada ya hapo mshahara na matibabu vinaendelea. Kano ya mbele ya goti ikikatika ni miezi tisa au zaidi nje.

Viwanja vyetu ni vya simenti, kule ni mbao. Ondoka na viatu vipya. Soli iliyolika inateleza kwenye mbao.

Nyumbani panga kiasi kimoja cha kutuma kila mwezi na umwambie mtu mmoja, si wajomba wote. Pasipoti usimwachie meneja "kwa usalama", mpe fotokopi. Mwachie yaya (kaka au dada mkubwa) unayemwamini bahasha yenye kopi za kila kitu na namba ya ubalozi. Video ya kuaga usiiweke mtandaoni kabla viza haijabandikwa. Chakula cha kwenye basi la usiku, marafiki wapya wanaojua siku yako ya mshahara, mikopo ya simu, pikipiki baada ya mechi, angalia hayo pia.