Acha mistari minne bila: namna ya kujua kilichokupa mavuno

Mwaka wa kwanza nilipopangiwa kata hii kama afisa ugani niliweka shamba darasa la mahindi ya muda mfupi kando ya barabara, ili kila apitaye aone. Yalistawi mpaka wageni wakaja kupiga picha. Msimu uliofuata wakulima wengi wakanunua mbegu ile, na wengi wao wakavuna kilekile walichozoea kuvuna. Lawama zote zikamwangukia muuza pembejeo, kwamba kauza mbegu feki. Baada ya mkutano, mama mwenye lile eneo akanivuta pembeni. "Mwanangu, pale ulipolima ndipo lilipokuwa zizi la marehemu baba watoto. Ng'ombe wamelala pale miaka kumi na miwili. Ungepanda hata mawe yangeota."

Sikuwa nimeuliza. Niliona udongo mweusi, nikaona na barabara ipo karibu, nikafurahi.

Mbegu ile haikuwa mbaya. Kosa langu ni kwamba sikuacha hata mistari minne ya mbegu ya zamani kwenye udongo uleule, ikapandwa siku ileile na kupaliliwa kwa jembe lilelile. Bila mistari hiyo hakuna ambaye angeweza kusema ni mbegu au ni samadi ya marehemu.

Nayasema haya kwa sababu siku hizi, kwa jina la kukabiliana na mabadiliko ya tabianchi, kila msimu mkulima analetewa jambo jipya: makinga maji, mashimo ya kupandia, matandazo, mbegu zinazostahimili ukame, miti shambani. Mengi ni mazuri. Lakini yanakuja na ushahidi wa aina moja tu, kwamba fulani alifanya na akavuna.

Anayevuruga hesabu zaidi ni mvua. Kenya na kaskazini mwa Tanzania, vuli ya 2022 ilikuwa kavu. Vuli ya 2023, El Niño ikisaidiana na joto la upande wa magharibi wa Bahari ya Hindi, ikaja na mafuriko. Mtu aliyechimba makinga maji katikati ya misimu hiyo miwili, akalinganisha mavuno ya kabla na ya baada, hakupima makinga. Alipima mvua. Tena kuna mtego mwingine: watu hujaribu mambo mapya baada ya mwaka mbaya, na baada ya mwaka mbaya kabisa unaofuata mara nyingi huwa afadhali, hata kama ulichofanya ni kufunga kitambaa chekundu kwenye uzio. Waganga wa mvua waliijua siri hii zamani. Huitwa ukame ukiwa umekwisha kukomaa.

Kwa hiyo usilinganishe mwaka na mwaka. Linganisha kipande na kipande ndani ya msimu mmoja.

Mfano ninaoupenda kuliko yote unatoka Mbita, ukingoni mwa Ziwa Victoria upande wa Kenya, kwenye kituo cha ICIPE, taasisi ya utafiti wa wadudu. Watafiti pale, wakishirikiana na wenzao wa kituo cha utafiti wa kilimo cha Rothamsted, Uingereza, walikuwa wanatafuta dawa ya funza wa mabua. Wakapanda desmodiamu, mmea wa malisho unaotambaa, katikati ya mistari ya mahindi ili harufu yake ifukuze nondo wanaotaga mayai ya funza hao, na majani ya tembo kuzunguka shamba ili nondo wavutwe huko wakatage. Ndicho kilimo cha vuta sukuma. Funza wakapungua. Lakini kukatokea jambo ambalo hawakulifuata: kiduha, gugu linalonyonya mizizi ya mahindi, nacho kikapungua sana. Aliyewahi kulima shamba lenye kiduha anajua uzito wa habari hiyo. Mmea mmoja wa gugu lile lenye maua ya zambarau hutoa mbegu kwa makumi ya maelfu, na mbegu hizo hukaa ardhini zaidi ya miaka 10 zikisubiri mzizi wa mahindi.

Wangeweza kutangaza hapohapo kwamba desmodiamu inaua kiduha, wakaenda zao. Wao wakauliza: inakiua kwa njia gani? Je, ni kivuli chake? Au ni naitrojeni inayoongeza kwenye udongo, kwa kuwa ni jamii ya mikunde? Au kuna kitu kinatoka kwenye mizizi? Wakavitenganisha. Mahali pengine waliweka kivuli peke yake, pengine naitrojeni peke yake. Kisha wakachukua vyungu vya desmodiamu, wakayaacha maji yaliyopita kwenye mizizi yake yadondoke kwenye vyungu vya mahindi vilivyochanganywa mbegu za kiduha. Kivuli kilisaidia kidogo, naitrojeni ikasaidia kidogo, ila kazi kubwa ilifanywa na maji yale. Mizizi ya desmodiamu hutoa kemikali zinazoamsha mbegu ya kiduha iote, na nyingine zinazoizuia isijishike kwenye mzizi wa mahindi. Inaota, inakosa pa kunyonya, inakufa.

Kujua njia yake kunakusaidia nini wewe? Kama kazi ingekuwa ya kivuli, kunde zingetosha na usingehangaika kutafuta mbegu ya desmodiamu. Kama ingekuwa naitrojeni, mfuko wa urea ungemaliza kazi. Na kwa kuwa kazi ni ya mizizi, unaweza kukata majani ukalisha ng'ombe na shughuli ikaendelea chini. Hali ilipozidi kuwa kavu, ndipo ilipobidi kutafuta desmodiamu ya jani la kijani na nyasi za brakiaria zinazovumilia ukame zaidi, badala ya desmodiamu ya mwanzo na majani ya tembo. Ukijua kinachofanya kazi, unajua nini cha kubadilisha na nini cha kuacha.

Huna maabara, lakini una shamba. Chagua eneo ambalo udongo wake haubadiliki sana. Uliza wazee palikuwa na nini, zizi, jalala, kichuguu au nyumba iliyobomoka. Kama kuna mteremko, vipande vikae ubavu kwa ubavu, kisiwepo cha juu na cha chini, maana cha chini hupokea udongo na maji ya mwenzake. Kipi kipate jambo jipya? Rusha sarafu. Watu hucheka nikisema hivi, ila ukijichagulia mwenyewe mkono utaenda kwenye udongo mzuri hata kama nia ni safi. Pale Rothamsted, mtakwimu Ronald Fisher, aliyeanza kazi 1919, alilishikilia sana jambo hili. Na kwenye shamba lao la ngano la Broadbalk, lililoanza 1843, kuna ukanda ambao hadi leo hautiwi mbolea wala samadi. Zaidi ya miaka 180 wanauacha na njaa yake, kusudi wajue wengine wanashiba kwa sababu gani.

Wakati wa kuvuna, acha mistari miwili ya pembeni. Ndani pima kwa kamba mraba wa mita 5 kwa 5, vuna, kausha, pukuchua, pima kwenye mizani. Kilo utakazopata zidisha kwa 162, hizo ni kilo za ekari. Kilo 5 ni kama magunia manane ya kilo mia. Macho hudanganya sana hapa, kwa sababu hupenda majani marefu.

Mvua nayo ipime. Kopo lenye kuta zilizonyooka, mahali pa wazi, rula ya mtoto wa shule, kila siku saa tatu asubuhi. Maji yakifika milimita 10, kila mita ya mraba ya shamba imepata lita 10.

Shamba moja bado halitoshi. Tafuteni majirani watano, kila mmoja na vipande vyake viwili. Jambo jipya likishinda kwa watatu kati ya watano, hamjajua kitu. Likishinda kwa wote watano, kuna jambo: ukirusha sarafu mara tano, kupata kichwa mara zote hutokea mara moja tu kati ya 32.

Yapo mambo yasiyokubali kutenganishwa kirahisi, na hapa hata wataalamu hukosea. Shimo la kupandia linahifadhi maji, lakini maji kwenye udongo uliochoka yanafanya kazi ndogo. Samadi bila maji inaweza kuunguza mche. Ukijaribu shimo peke yake utasema halifai, ukajaribu samadi peke yake ukasema hivyohivyo, kumbe nguvu iko kwenye kukutana kwao. Kwa jambo la namna hiyo tenga vipande vinne: kisicho na kitu, chenye shimo tu, chenye samadi tu, na chenye vyote. Ni kazi, sikatai.

Na siku ya mkulima, ukishaonyeshwa waliofanikiwa, uliza waliojaribu wakaacha wako wapi. Nenda ukaone mashamba yao. Hawa huwa hawapelekewi turubai na soda.

Mama wa zizi sasa huacha mistari yake minne kila msimu bila kukumbushwa. Mwaka jana alitandaza mabua shamba zima isipokuwa hiyo minne, na tulipopima tofauti haikufika hata kilo moja. Tukachimbua kidogo: mchwa walikuwa wameyamaliza mabua kabla mahindi hayajafika magotini. Msimu huu ameyaacha mabua yasimame, na kwenye ile mistari minne ameyalaza kama alivyofanya mwaka jana kwenye shamba lililobaki.