Kutoka Sharia hadi MBA: jinsi ya kuomba ukiwa Lamu

Ukirudi Lamu na shahada ya Sharia kutoka Madina, Azhar au Khartoum, watu watakuita kwa khutba, kwa ndoa na kwa mirathi. Kwa hesabu za hoteli ya Shela hawatakuita. Wengi wenye shahada kama hii hawajaribu hata kuomba MBA, shahada ya uzamili ya biashara, wakidhani mlango ule ni wa waliosoma biashara peke yao. Darasa la MBA limejaa wahandisi, walimu na wauguzi, na vyuo vingi havidai shahada ya kwanza iwe ya biashara. Kinachowakwamisha watu wetu ni makaratasi, na baada ya makaratasi, hofu ya hesabu. Naanza na makaratasi kwa kuwa ndiyo yanayokula miezi.

Kwanza, jina lako

Toa kitambulisho, cheti cha kuzaliwa, cheti cha KCSE, pasipoti na shahada, uvipange mezani. Soma jina herufi kwa herufi. Kitambulisho kinasema Mohamed, pasipoti Mohammed, na aliyetafsiri shahada kaandika Muhammad. Swaleh amekuwa Salih. Jina la babu limo kwenye cheti kimoja, kwenye kingine halimo, na la ukoo limeongezwa na karani wa chuo huko ugenini. Sisi tunajua kuwa huyo ni mtu mmoja. Karani wa udahili hajui. Mimi ofisi moja ilinirudishia faili nzima kwa sababu ya "m" moja, na mwaka huo ukanipita hivihivi.

Dawa yake ni hati ya kiapo. Mwendee wakili au kamishna wa viapo, aandike kwamba majina yote hayo ni yako, akitaja kila tahajia na cheti ilimo. Utie sahihi mbele yake, naye apige mhuri. Hapohapo muombe athibitishe nakala za vyeti vyako, na uchukue seti tano au sita, maana kila utakakopeleka maombi wataitaka yao.

Kisha tafsiri. Shahada na transkripti, yaani karatasi za alama, za Kiarabu zitafsiriwe na mfasiri anayetambulika, mwenye mhuri wake. Tafsiri ya ustadhi rafiki yako, hata iwe safi namna gani, haitapita. Mpe mfasiri pasipoti yako, aandike jina lilivyo humo. Waliosoma Khartoum wana tabu zaidi: tangu vita vilipozuka Aprili 2023, kupata transkripti mpya kutoka kule ni kazi kubwa. Ikiwa una nakala asili moja tu, iskani leo, ujitumie kwa barua pepe, na isitoke nyumbani ila kwa dharura.

Pili, shahada itambuliwe

Transkripti yako inasema "mumtaz", yaani bora, au "jayyid jiddan", vizuri sana. Chuo cha Kenya kinauliza daraja la pili la juu au la chini, kwa sababu vyuo vingi humchukua moja kwa moja mwenye daraja la pili la juu, na mwenye la chini hutakiwa awe na uzoefu wa kazi, mara nyingi miaka miwili. Usijitafsirie daraja mwenyewe kwenye fomu. Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, CUE, iliyoundwa chini ya sheria ya mwaka 2012, ndiyo hutambua na kulinganisha shahada za nje. Iko pia KNQA, mamlaka ya sifa za kitaaluma, inayohakiki vyeti vya nje. Kabla ya kulipa popote, iandikie ofisi ya udahili ya chuo unachokitaka: barua ya nani mnaikubali? Jibu lao lihifadhi. Litakufaa siku karani mwengine atakapokuambia vingine.

Tatu, hesabu

Hapa ndipo watu wa Sharia wanapojidhulumu. Ulisoma faraidh, hesabu ya mirathi, au hukusoma? Mtu amefariki, ameacha mke, mama, baba na mtoto wa kiume. Mke ana thumuni, moja ya nane, mama sudusi, moja ya sita, baba sudusi, kilichosalia ni cha mtoto. Unachukua asli ya mas'ala, idadi ya mafungu ya kugawia, 24: mke 3, mama 4, baba 4, mtoto 13. Hiyo ni hesabu ya sehemu na kigawe kidogo cha shirika, na uliifanya kwa kalamu, mara nyingine kichwani, mbele ya warithi wanaogombana. Ukija kwenye aul, pale mafungu yanapozidi mali, kama mume na dada wawili wa baba na mama, asli ya 6 inapanda hadi 7 na kila fungu linapungua kwa uwiano. Mwenye kulielewa hilo hatashindwa na uwiano wa mtaji.

Vyuo vingi vya Kenya havidai GMAT, mtihani wa kimataifa wa kuingilia MBA. Vya nje vingi hudai, au hukubali GRE, mtihani wa uzamili wa jumla, badala yake. GMAT ya sasa ina sehemu tatu za dakika 45 kila moja, na alama zake huanzia 205 hadi 805. Sehemu ya hesabu ina maswali 21 ya hesabu ya kawaida na aljebra, jiometria imeondolewa, na kikokotoo hakiruhusiwi. Kwa mtu wa faraidh hilo la mwisho ni neema. Anayetegemea kikokotoo aende GRE, wao wanakiweka kwenye skrini. Alama za mitihani yote miwili hudumu miaka mitano. Unaweza kufanyia nyumbani kwa kompyuta huku msimamizi akikutazama kwa kamera, ila chumba kiwe kimya na asiingie mtu. Chagua nyumba iliyo mbali na vichochoro wanakopita punda, na uwe na njia ya pili ya intaneti.

Usipofanya GMAT, bado onyesha hesabu kwa njia nyengine. Mitihani ya uhasibu ya CPA, ya bodi ya KASNEB, hata ngazi ya mwanzo tu, inasema mengi kwenye fomu ya mtu ambaye shahada yake haina somo la uhasibu.

Nne, kazi uliyofanya

"Nilikuwa mwalimu wa madrasa" haitoshi. Wanafunzi wangapi, walimu wangapi, karo iliingia kiasi gani, nani alilipa mishahara mwezi karo ilipochelewa? Kama uliangalia nyumba za wakfu za msikiti, andika idadi yake, kodi yake, na ukarabati ulioufanya. Kama ni duka la familia au jahazi la watalii, ambatisha kibali cha biashara cha kaunti na taarifa za M-Pesa. Barua ya mwenye mali yenye tarehe na sahihi ni bora kuliko sifa kurasa tatu.

Kwenye insha, usianze na bandari. Kila anayeandika kutoka Lamu huitaja, tangu gati la kwanza lilipoanza kazi Mei 2021, na wasomaji wameshaizoea. Anza na muamalat, fiqhi ya biashara na mikataba. Eleza mudaraba kwa maneno yako: mmoja anatoa mtaji, mwengine anatoa kazi, faida hugawanywa kwa makubaliano, na hasara ya mtaji ni ya mwenye mtaji. Kisha uilinganishe na mgao wa samaki baina ya mwenye chombo na mabaharia wake, uonyeshe panapofanana na panapoachana. Nakuhakikishia aliyesoma biashara hataandika hivyo.

Wa kukutolea ushuhuda awe mmoja aliyekufundisha na mmoja aliyekuona ukifanya kazi. Shekhe mkubwa asiyekujua vizuri hatakusaidia.

Kiingereza: ukisoma kwa Kiarabu utaulizwa ushahidi. Vyuo vya ndani huenda vikatosheka na alama ya KCSE. Vya nje watataka mtihani wa Kiingereza wa IELTS au TOEFL, na alama hizo huhesabiwa kwa miaka miwili tu, kwa hiyo usizifanye mapema mno. Ada: mkopo wa HELB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu, upo kwa uzamili, lakini una riba, na hilo wewe mwenyewe unalijua hukumu yake.

Mahojiano yakiwa kwa video, jaribu mtandao siku moja kabla, saa ileile. Wakikuita Nairobi au Mombasa kwa usajili, watataka kuona vyeti asili. Ukivuka Mokowe kupanda basi, bahasha ya vyeti itie ndani ya mfuko wa plastiki na uipakate mwenyewe, isiwekwe kwenye buti.