Kabla ya Kukata Mbao za Kabati la Cherehani

Kosa linaloharibu makabati mengi ya kushonea hufanyika kwenye karatasi. Mtu huchora sanduku lenye sura nzuri, halafu ndipo anatafuta namna ya kuiingiza cherehani ndani yake. Kazi hii hupangwa kinyume chake: unapima cherehani, unapima mwili wa atakayeketi kushona, unanunua bawaba, reli za droo na magurudumu na kuviweka mezani mbele yako, kisha ndipo unachora. Kila kimoja kati ya hivyo kina kipimo kisichobadilika, na mbao ndizo zitakazokifuata.

Anza na uzito. Cherehani nyingi za nyumbani zenye bodi la plastiki huwa kati ya kilo 6 na 9, na zile za zamani za chuma cha kusubu huvuka kilo 12. Simama kwenye mizani ukiwa umeibeba, kisha bila kuibeba, utoe tofauti. Kichwa cha cherehani ya kiwandani ni habari nyingine kabisa; hicho kina meza yake yenye miguu ya chuma, na kabati la plaiwudi haliwezi kukibeba likatulia.

Sasa urefu wa meza, ambao ndio moyo wa kabati zima. Kaa kwenye kiti utakachokitumia, shusha mabega, kunja viwiko kwa pembe mraba, na mtu mwingine apime kutoka sakafuni hadi chini ya kiwiko. Uso wa kushonea ukae hapo, au uzidi sentimita 2 hadi 4. Uso wa kushonea ni ile sahani ya sindano yenye meno yanayosukuma kitambaa. Ukiiweka cherehani juu ya meza ya kawaida, sahani hiyo hupanda sentimita nyingine 7 hadi 10, na ndiyo maana mabega huuma baada ya saa moja. Kabati zuri huizamisha cherehani kwenye shimo, ikalala juu ya rafu iliyo chini, hadi sahani ikalingana na uso wa meza.

Tuchukue mfano wa tarakimu. Kiwiko kiko sentimita 70, basi uso wa meza uwe 72. Kutoka chini ya miguu ya mpira ya cherehani hadi kwenye sahani ya sindano ni sentimita 8.5. Kwa hiyo uso wa rafu utakuwa 72 kutoa 8.5, yaani 63.5 kutoka sakafuni. Rafu ikiwa ya plaiwudi ya milimita 18, upande wake wa chini unabaki sentimita 61.7. Hapo ndipo mapaja yanapita. Kama juu ya mapaja yako ukiwa umeketi ni sentimita 60, umebakiwa na upenyo wa sentimita 1.7 tu, na ukipigilia ubao wa kuimarisha rafu kwa chini, umekwisha. Ubao huo uweke nyuma na pembeni, mbele pabaki wazi. Usijaribu kuokoa nafasi kwa kuinua kiti, maana mapaja nayo yatapanda. Bora kuinua uso wa meza sentimita moja au mbili na kukubali viwiko vikae chini kidogo. Kwa upana, magoti na pedali vinahitaji nafasi ya sentimita 60 isiyo na kitu, na kina kisichopungua 45.

Magurudumu huingia kwenye hesabu hiyo hiyo. Gurudumu dogo lenye breki linaweza kuongeza sentimita 6 au zaidi, na anayelinunua mwishoni hujikuta na meza inayomfika kifuani. Linunue mapema, lipime likiwa limesimama, ulitoe kwenye urefu wa miguu. Breki zitakiwe kwenye magurudumu yote manne. Cherehani ikienda kasi hutikisa kabati, na lenye breki mbili tu hujizungusha taratibu.

Shimo lenyewe usilikate kwa kipimo cha kitako cha cherehani pekee. Upande wa kulia kuna gurudumu la mkono na mahali pa kuchomeka waya, na vidole lazima vifike bila kukwaruzwa. Acha sentimita 4 hadi 5. Mbele angalia bobini, kile kigurudumu cha uzi wa chini, inaingia wapi. Inayoingizwa kwa juu, karibu na sindano, haina shida. Inayoingizwa kwa mbele, chini ya mkono wa cherehani, itakulazimu kuinua mashine yote kila uzi unapokwisha, isipokuwa umeacha kipande cha meza kinachonyanyuka upande huo. Cherehani za zamani zenye kitako bapa hushikwa na bawaba mbili za pini zinazoingia kwenye matundu ya ukingo wa nyuma, na hulazwa kwa nyuma wakati wa kutia mafuta. Hizo bawaba zipatikane kwanza, na nyuma paachwe nafasi ya kichwa kulala bila kugonga ukuta. Njia ya kujihakikishia ni boksi la karatasi ngumu: kata tundu, liweke kwenye urefu halisi juu ya vitabu au matofali, ushone mshono mmoja. Utagundua kosa kwa hasara ya boksi tu.

Kuhusu mbao, plaiwudi ya milimita 18 kwa mwili na rafu, milimita 12 kwa droo, milimita 6 kwa mgongo. Ubao mzima unapendeza zaidi, lakini hutanuka na kusinyaa kwa upana wake kadiri unyevu wa hewa unavyobadilika. Uso wa meza uliogundishwa pande zote utapasuka au kupinda, na shimo lako litabana cherehani. Ukiutaka, ulaze ndani ya chumba utakamokaa kwa wiki mbili, na uufunge kwa skrubu zilizopita kwenye matundu marefu kidogo. MDF, ubao wa nyuzinyuzi za mbao zilizogandamizwa kwa gundi, ni laini kupaka rangi, ila skrubu za bawaba hunyofoka kwenye ukingo wake na maji huivimbisha. Shiti moja ya plaiwudi ni sentimita 244 kwa 122, na meno ya msumeno hula kama milimita 3 kwa kila mkato. Ukiigawa 122 mara mbili hupati 61 na 61, unapata 60.85. Sanifu vipande vya 60 na usijitafutie lawama.

Droo hazina huruma na hesabu ya kukisia. Reli za kawaida za gololi hula milimita 12.7 kila upande, kwa hiyo nafasi ya sentimita 40 inataka droo yenye upana wa nje wa sentimita 37.4. Ikizidi kwa milimita 2, itakwama. Ikipungua kwa milimita moja, kipande cha kadi nyuma ya reli kinatosha. Ndani, mbao za milimita 12 zikitolewa, unabaki na 35. Mkasi wa sentimita 25 unalala vizuri humo. Bobini nyingi zina kipenyo cha milimita 20 hivi, basi droo ya juu yenye kina cha sentimita 5 au 6 inazitosha pamoja na pini na sindano. Koni za nyuzi zipimwe zikiwa zimesimama, na uongeze sentimita 2.

Wengi hupenda kuzipanga nyuzi ndani ya mlango kwenye vijiti vya milimita 6. Matundu yake yatoboe kwa kuinamisha biti ya drili kidogo ili ncha za vijiti zitazame juu, la sivyo nyuzi zitamwagika kila mlango unapofungwa. Kinachosahaulika ni kwamba rafu za ndani lazima zirudi nyuma kwa kina cha koni, ama mlango hautafunga. Bawaba za kikombe, zile zinazozama ndani ya mlango, zinataka tundu la milimita 35 lenye kina cha milimita 12 au 13. Kwenye mlango wa milimita 18 panabaki milimita 5 tu, kwa hiyo funga utepe kwenye biti kama alama ya kusimamia, na skrubu zisizidi milimita 16. Mlango uwe wa mbao, si kioo. Jua hupausha nyuzi.

Lifungie kabati ukutani ikiwa ni refu au milango yake inabeba nyuzi, kwani milango miwili iliyojaa ikifunguliwa pamoja huvuta uzito wote mbele.

Tundu la waya lipimwe kwa plagi, ambayo ni nene kuliko waya. Kipenyo cha sentimita 5 au 6 mara nyingi kinatosha. Cherehani ya nyumbani hula umeme mdogo, lakini pasi huvuka wati 1000, kwa hiyo isitumie ekstensheni nyembamba iliyofichwa ndani ya mbao.

Msasa namba 120, kisha 180, kisha 240, na kingo zote za shimo zizungushwe. Pitisha soksi nyembamba ya nailoni juu ya kila ukingo; inaponasa, ndipo hariri itakapochanika. Piga vanishi, usubiri hadi harufu iishe ndipo vitambaa viingie. Ukitumia mafuta ya kitani, matambara yake yatandaze nje yakauke, au yaloweke kwenye ndoo ya maji, kwa kuwa yakirundikwa hupata joto yenyewe na yanaweza kushika moto.