Ufagio, firimbi na hesabu ya vichwa: kufundisha watoto wa mashindano ya kuogelea

Nafundisha kuogelea Kampala, kwenye mabwawa ya shule na hoteli, mengi yao ya mita 25. Nimekulia kambini Bombo, mtoto wa askari, ndiyo maana Kiswahili changu kimejaa amri, watoto wamenizoea. Nimeandika haya kwa ajili ya mwalimu wa michezo au mwogeleaji wa zamani aliyeitwa ofisini na mkuu wa shule akaambiwa, “Wewe si unajua kuogelea? Chukua timu.” Kujua kuogelea ni kitu kimoja. Kusimama ukingoni huku watoto 20 wako majini ni kitu kingine, na makosa mengi yatakayokuaibisha siku ya gala, yaani mashindano ya kuogelea, utakuwa umeyafundisha mwenyewe Jumanne jioni bila kujua.

Hatua ya 1: Pima bwawa kwa mkono wako

Kabla mtoto hajaruka, pima kina. Usiamini namba iliyopakwa rangi ukingoni. Chukua mti wa ufagio wa kusugulia bwawa, ule mrefu, ufunge utepe mwekundu kwenye mita 1.35, kisha uutumbukize wima mita moja kutoka ukutani, halafu mbili, tatu, mpaka sita. Kanuni za World Aquatics, shirikisho la dunia tulilozoea kuliita FINA hadi lilipobadili jina, zinataka kina kisipungue mita 1.35 katika eneo hilo lote ikiwa pana majukwaa ya kurukia. Jukwaa lenyewe liwe kati ya sentimita 50 na 75 juu ya maji. Utepe ukibaki nje ya maji, hapo haparukwi kwa kichwa, hata kama mzazi amelipa na gala ni keshokutwa.

Naukazia ufagio kwa sababu niliwahi kuudharau. Bwawa moja tulilokodi lilikuwa limeandikwa 1.5 upande wa kina, nami nikaamini. Mvulana wa miaka 11 akaruka, akaibuka anacheka, kidevu kimechunika na tone la damu linaning'inia. Nilipopima nikakuta mita 1.15; walikuwa wamepunguza maji ili wabadilishe vigae, hawakumwambia mtu. Yeye alirudi kwenye foleni aruke tena. Mimi nilikaa kwenye benchi, firimbi iko mdomoni na pumzi ya kuipuliza sina. Sentimita chache zaidi na ingekuwa shingo, si kidevu. Tangu siku hiyo napima kila kipindi, si kila muhula.

Bwawa likiwa halina kina cha kutosha, watoto waanzie ndani ya maji kwa kusukuma ukuta, na kuruka mkajifunzie kwingine. Na kuruka kwenyewe kuna ngazi zake: kwanza akiwa amekaa ukingoni, kisha goti moja chini, kisha amesimama, na jukwaani mwisho kabisa. Mikono imeshikana, masikio yamebanwa katikati ya mikono. Mtoto anayeinua kichwa kutazama anakokwenda arudishwe ngazi moja nyuma.

Ukiwa na ufagio mkononi, tazama pia chini. Kifuniko cha bomba la kutolea maji lazima ukione vizuri, na matundu yake uyaone. Usipokiona, maji ni machafu kiasi kwamba hutamwona hata mtoto aliyelala chini, basi siku hiyo mnafanya mazoezi ya nchi kavu. Kikiwa kimevunjika au kimelegea, asiingie mtu: mfyonzo wa pampu huweza kunasa nywele na mwili. Muulize mtunza bwawa vipimo vya leo: klorini huru kati ya miligramu 1 na 3 kwa lita, na pH, kipimo cha asidi ya maji, kati ya 7.2 na 7.8. Akikwambia “iko sawa tu, kocha,” mwombe chupa za kupimia mpime pamoja. Mara ya kwanza atanuna.

Hatua ya 2: Fomu, kisha vichwa

Fomu ya mzazi iwe ukurasa mmoja, nawe uisome. Wengi tunazikusanya na kuzifungia kabatini. Mimi natafuta mambo matatu: pumu, kifafa na selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi. Mwenye pumu, dawa yake ya kuvuta ikae ukingoni kwenye ndoo yangu, si kwenye begi chumba cha kubadilishia. Mwenye kifafa haingii bila ruhusa ya daktari na mtu wa kumtazama yeye peke yake. Selimundu tunaisahau, ingawa Uganda ni moja ya nchi zenye watoto wengi wanaozaliwa nayo. Maji baridi huweza kumwamshia mtoto huyo maumivu makali ya mifupa, kwa hiyo usimwache akitetemeka ukingoni asubuhi ya mvua huku wewe unahutubia. Kuogelea kwake kwanza kuamuliwe na daktari, si na hamu yako ya medali.

Halafu hesabu vichwa: wanapoingia, kila seti (duru ya mazoezi) inapokwisha, wanapotoka. Hesabu kwa sauti, wakusikie. Wangu nawapanga wawiliwawili, kila mmoja anajua mwenzake ni nani, na nikipuliza firimbi mara mbili kila mmoja anashika mkono wa mwenzake. Hilo tulifanyiwa kambini tukienda mtoni, sikulisoma popote.

Hatua ya 3: Wewe si mwokoaji

Ukiwa unatazama saa na kiwiko cha mtoto wa leni ya tatu, yaani njia ya tatu ya bwawa, wa leni ya sita humwoni. Kwa hiyo pawe na mtu mzima mwingine ambaye kazi yake ni kuwatazama tu, hana simu, hana saa, hana la kufundisha. Shule ikisema haina pesa ya mtu huyo, basi haina pesa ya timu ya kuogelea.

Hapa kuna jambo ambalo watoto wazuri ndio hulifanya, wale dhaifu hawana shida nalo: kushindana kukaa chini ya maji. Wavulana wawili wanahema kwa kasi, hu-hu-hu-hu, kisha wanazama waone nani atafika ukuta wa pili bila kuibuka. Kule kuhema kunatoa kabonidioksidi mwilini, na hiyo ndiyo inayoambia ubongo “vuta pumzi”. Oksijeni inakwisha kabla hamu ya kupumua haijafika, mtoto anazimia kimyakimya, bila kupiga maji, bila kuinua mkono. Kutoka ukingoni anaonekana kama anateleza vizuri. Kwangu ni marufuku, na anayeanza kuhema namna hiyo anatolewa majini siku nzima, hata akiwa nahodha. Nami sitoi mazoezi ya kubana pumzi kama adhabu wala kama mchezo wa kumalizia kipindi.

Mtoto akizama na hapumui, kumbuka kilichomkosesha ni hewa. Mpulizie pumzi kwanza, ndipo ukandamize kifua, mikandamizo 30 kwa pumzi 2, huku mwingine anapiga simu na mwingine amefungua geti la gari. Panga leo nani ni nani, na mfanye jaribio na mdoli kila muhula. Lile geti ndilo husahaulika. Askari wa zamu ana funguo, na yuko kantini.

Hatua ya 4: Radi

Fupi hii. Eneo la Ziwa Victoria lina ngurumo nyingi mno, na mwaka 2011 radi iliua wanafunzi 18 katika shule moja ya msingi wilayani Kiryandongo. Ukisikia ngurumo, wote nje, ndani ya jengo lenye kuta, si chini ya mwembe. Hesabu dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho. Ikinguruma tena ukiwa dakika ya 28, unaanza upya.

Hatua ya 5: Kanuni zifundishwe kwenye mazoezi ya kawaida

Binti mmoja wangu aliongoza mita 50 za mtindo wa chura kutoka mwanzo hadi mwisho, akafutwa. Alikuwa amegusa ukuta kwa mkono mmoja wakati wa kugeuka. Alilia mpaka miwani ikajaa machozi, na mama yake akaniambia refa anapendelea shule fulani. Nikamwambia ukweli: “Mama, refa ameona sawa. Mimi ndiye niliyemwacha aguse hivyo tangu Februari.” Kwenye mazoezi alikuwa akiwahi kugeuka ili amfikie mwenzake, nami nilikuwa natazama saa.

Sasa mguso mbovu kwangu haumpi mtoto muda. Anagusa vibaya, nasema “hakuna muda,” anarudia. Haya ndiyo ninayoyasimamia:

Mitindo ya chura na kipepeo: mikono miwili kwa pamoja, imetengana, haikulaliana, kwenye kila kugeuka na mwisho. Miguu ya chura iende pamoja. Teke la pomboo, yaani miguu miwili kupiga pamoja kama mkia, ni moja tu baada ya kuruka au kugeuka, kabla ya teke la kwanza la chura. Kipepeo, miguu haipishani hata mtoto akichoka, na hapo ndipo hupishana, mita tano za mwisho.

Mgongo: akishageuka kifudifudi kuelekea ukuta, mkono uvute mara moja bila kusita na mzunguko ufuate. Watoto wetu hugeuka mapema mno kisha wakaelea wakipiga miguu kuutafuta ukuta. Hilo ni kosa. Mwisho aguse akiwa chali. Tatizo si ujinga, ni vibendera. Hoteli nyingi hazina vibendera vinavyotundikwa juu ya maji mita 5 kutoka ukutani, basi mtoto hana cha kuhesabia mapigo. Nunua kamba na vitambaa, funga mwenyewe.

Mtindo huru una uhuru mwingi, lakini asitembee chini, asivute kamba ya leni, na kichwa kiwe kimeibuka ifikapo mita 15 baada ya kuruka na kila kugeuka. Mita 15 hizo zinahusu pia mgongo na kipepeo.

Mchanganyiko wa mtu mmoja ni kipepeo, mgongo, chura, huru. Upokezano wa mchanganyiko huanza na mgongo, kwa sababu wa mgongo huanzia majini. Kila mwaka kuna mtoto anayechanganya haya mawili, na kila mwaka kuna kocha anayechanganya pia.

Kuruka: firimbi fupi fupi, jiandae, firimbi ndefu, panda jukwaani, kisha amri ya mwanzishaji, kisha tulia kama jiwe mpaka mlio. Anayeondoka kabla ya mlio amefutwa, hakuna onyo la kwanza. Amri yenyewe husemwa kwa Kiingereza, “Take your marks”, basi iseme hivyohivyo kwenye mazoezi, na ubadilishe muda wa kusubiri kabla ya mlio. Ukisubiri sekunde ileile kila siku unawafundisha kubahatisha.

Hatua ya 6: Mikono, milango na simu

Kwa sheria ya Uganda mtoto ni yeyote aliye chini ya miaka 18, hata yule wa kidato cha tano anayekuzidi urefu. Kiboko hakina nafasi; marekebisho ya Sheria ya Watoto ya 2016 yalikipiga marufuku shuleni, na ukingo wa bwawa ni shule. Ukitaka kumrekebisha mtoto kiwiko, mwambie kwanza, mguse mahali ambapo wote wanaona, au mwonyeshe kwa mkono wako mwenyewe. Chumba cha kubadilishia huingii. Asimame mlangoni mama mmoja kwa wasichana na baba mmoja kwa wavulana. Ujumbe wa simu uende kwenye kundi lenye wazazi. Mtoto akikuandikia peke yake saa nne usiku kuhusu muda wake, mjibu kesho, kundini. Kumpeleka mtoto mmoja nyumbani kwa boda ukiwa wewe na yeye tu, hapana, hata ikinyesha. Subirini wote wawili na askari wa geti.

Mtoto akikueleza kwamba kuna mtu mzima anamtendea vibaya, usimhoji kama polisi na usimwahidi siri. Msikilize, andika maneno yake kama alivyoyasema, mpelekee anayehusika na ulinzi wa watoto shuleni. Anayehusika akiwa ndiye mtuhumiwa, simu ya bure ya watoto ni 116, Sauti.

Hatua ya 7: Bega na usingizi

Mtoto wa miaka 10 haogelei kilomita za mtu mzima. Bega likiuma kwa mbele au juu siku mbili mfululizo, ondoa vibao vya mikononi, punguza umbali, tazama kiwiko. Likiendelea, daktari. Goti likiuma kwa ndani, punguza teke la chura. Na muulize amelala saa ngapi; wa bweni wanaamka saa kumi usiku kusoma, kisha tunashangaa wamekuwa wazito majini. Poda na vidonge vya nguvu vinavyouzwa madukani, mwambie mzazi aviache dukani. Kilichoandikwa kwenye kopo si lazima ndicho kilichomo, na mtoto naye huweza kupimwa dawa zilizokatazwa. Posho (ugali), maharagwe, yai, ndizi. Maji kwenye chupa ukingoni, maana majini pia wanatoka jasho.

Hatua ya 8: Siku ya gala

Beba vyeti vya kuzaliwa. Umri huhesabiwa kwa tarehe waliyoitaja waandaaji, isome kwenye tangazo, usikisie. Nawe usimpunguzie mtoto mwaka ili ashinde kundi la chini. Tunajuana wote, na tunanyamaziana mno. Binti akiogelea na nguo ya kumsitiri mwili, waandikie waandaaji wiki kadhaa kabla, upate jibu la maandishi, asije akasimamishwa jukwaani mbele ya watu.

Maji ya kupashia mwili ndipo hatari ya gala ilipo. Shule 12 katika bwawa moja, mmoja anaruka mwingine anaibuka. Wangu wanaingia kwa miguu, mikono ukutani, mpaka itangazwe leni ya kurukia.

Ukitaka kupinga uamuzi, anayeandika ni kiongozi wa timu, kwa refa, ndani ya dakika 30 baada ya shindano hilo, pamoja na ada. Mzazi asiende mezani kupiga kelele. Mpe mzee huyo saa ya kuhesabia muda ashike, atatulia.

Jioni watoto wamechoka, medali zinagongana, teksi inapiga honi. Hapo ndipo mmoja hurudi kuchukua kofia aliyoisahau. Mwambie dereva azime injini, upulize firimbi mara mbili, washikane mikono, uhesabu.