Baiskeli ya umeme kwenye mfereji wa London: wadogo zangu, angalieni mnachouziwa

Kwa wikendi ya London sijaona starehe ya bei rahisi kama kuendesha baiskeli taratibu kando ya Regent's Canal, kutoka Little Venice kule Paddington mpaka Limehouse, kama km 14 hivi, tambarare, hakuna gari, unapita nyuma ya Zoo, Camden, King's Cross, Victoria Park. Mfereji ulifunguliwa wote 1820 na hiyo njia ilikuwa ya farasi waliokuwa wanavuta mashua, ndo maana nyembamba. Kibali hakuna, hela hulipi, helmeti sheria haikulazimishi ila vaa. Giza likiingia washa taa, nyeupe mbele nyekundu nyuma. Wenye miguu ndo wenye njia, gonga kengele, punguza, pita.

Sasa twende kwenye kilichoniumiza, na hapa nyie mliofika juzi mnisikilize vizuri. Baiskeli ya umeme iliyokwishatumika, bei imeshuka, muuzaji anakuapia kwamba hii ni baiskeli tu haina shida. Mimi nilisimamishwa na polisi natoka mferejini naingia barabarani, wakainua tairi la nyuma, wakavuta mafuta pale mkononi, tairi likazunguka bila mtu kugusa pedeli, ikaishia hapo. Kwao ile ni pikipiki isiyosajiliwa na isiyo na bima, wakaibeba.

Sheria ya Uingereza iko hivi: mota isizidi wati 250, iache kukusaidia ukifika maili 15.5 kwa saa yaani km 25, isogee kwa sababu unanyonga pedeli, na wewe uwe na miaka 14 kwenda juu. Ikitoka hapo ni chombo cha moto, inataka usajili, plate namba, leseni, bima. Mambo ya kadi ya bodaboda na third party mnayajua, ni yaleyale, ila huku hakuna kumvuta trafiki pembeni mkaongea.

Na msidhani hasara ni baiskeli peke yake!! Kukosa bima ni faini pauni 300 na pointi 6 za makosa kwenye leseni. Leseni zetu za Tanzania, Kenya, Uganda hazibadilishwi huku, ukikaa miezi 12 unatakiwa uanze mtihani wao upya, kwa hiyo wengi wetu kwenye mfumo wao ni madereva wapya hata kama umeendesha Kariakoo miaka yote, na dereva mpya akifikisha pointi 6 ndani ya miaka 2 ya kwanza leseni inafutwa. Halafu fomu za viza zinauliza kama umewahi kuadhibiwa kwa makosa ya udereva na bima imetajwa humo humo, jibu ukweli. Ukifuata baiskeli yako polisi wanataka uonyeshe bima na leseni, na bima utaipata wapi kwa kitu kisichosajilika, basi inasagwa.

Narudia, ukiona inatembea bila kunyonga, usinunue. Ukiona ni ya kawaida imefungwa mota na fundi wa mtaani na wati hazijaandikwa, usinunue. Na nyie shangazi na wajomba huko nyumbani, kijana akiwaambia amepata kazi ya kupeleka chakula msimsukume atafute baiskeli ya kasi ili atume hela mapema, najua mnampenda, ila mnamsukumia kwenye kesi.

Kinachonikera na hawa wenyeji ni kwamba chakula wanataka kifike cha moto ndani ya dakika chache, halafu wanawalalamikia vijana wanaokileta, na vijana wenyewe wengi ni wageni kama sisi. Faini anapewa mwenye baiskeli, aliyeagiza haulizwi. Ila mferejini ni watu wengine kabisa, wanasalimia, ukipunguza wanashukuru, wenye mashua wanakupungia mkono, mji huohuo ambao jirani wa mlango wa pili hajui jina lako.

Ukifika eneo la Angel, mfereji unaingia kwenye handaki lisilo na njia ya pembeni, panda juu mitaani utaukuta tena mbele. Ukifika Limehouse kama miguu bado ina nguvu shika Cable Street, kuna njia ya baiskeli iliyotengwa mpaka Tower Hill. Ukichoka, DLR, treni ndogo za mashariki mwa London, wikendi inabeba baiskeli ya kawaida isipokuwa kituo cha Bank, ila ya umeme isiyokunjwa imekatazwa tangu 2025, hata kama yako iko kisheria.